Tundu la Mia Moja na Sitini

Kwa heshima na taadhima, wafanyakazi wa Ukumbi wa Mlango wa Kijani wanawatangazia wakaazi wote wa Pumwani, Majengo, Shauri Moyo na Kaloleni kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni ya leo, Ijumaa tarehe 29 Agosti 1986, kopo la poda linalokaa juu ya kabati la chumba cha michezo litakuwa halina mwenyewe. Kopo ni la bati, limebonyea ubavuni, na ndani mna poda ya vijiko vinne hivi. Ufunguo wa kabati utabaki kwa karani. Bendera haitashushwa, lakini atakayetaka kuvua kofia anaruhusiwa.

Habari nyingine, ndogo kidogo, ni kwamba mwenye kopo anastaafu.

Bwana Naftaly Muindi Muasya, mtunza ukumbi wetu, amefanya kazi hapa kwa miaka ishirini na tisa na miezi mitano. Aliajiriwa tarehe mosi Aprili 1957, siku ambayo watu hudanganyana kwa mzaha, na anasema wiki nzima ya kwanza aliogopa kuitwa ofisini na kuambiwa kwamba hata kazi yenyewe ilikuwa mzaha. Barua yake ya ajira ninayo mbele yangu. Inasema atafagia, atafungua na kufunga madirisha, na atapanga viti. Useremala haukutajwa. Keram haikutajwa.

Mimi ninayeandika ni Thuo Ngigi, karani wa ukumbi huu tangu mwaka wa 1972. Kamati ya sherehe ilinichagua kwa sababu mashine ya kupiga chapa iko mezani kwangu, wala si kwa uhodari wa kalamu. Waliniomba ukurasa mmoja. Watanisamehe.

Mzee Muindi alifika mjini akiwa na miaka ishirini na sita na sanduku la vifaa alilopewa na mjomba wake, mchonga vinyago wa huko Ukambani. Miaka miwili ilipita akifagia na kupanga viti kama barua ilivyosema. Kisha Mhindi mmoja, fundi wa nguo aliyekuwa akihama, akauachia ukumbi vitu asivyovihitaji: viti vitatu, kioo chenye ufa, na ubao wa mraba wenye tundu kila pembe, uliopinda kama chapati iliyosahauliwa kwenye chuma. Ubao huo ulitumika miezi kadhaa kubebea vikombe. Mzee Muindi alidhani ni mlango wa banda la njiwa, na akashangaa ni njiwa gani hao wanaotokea pembeni. Siku fundi wa nguo aliporudi kuulizia kioo chake ndipo alipomweleza kwamba ni ubao wa keram.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kukaa mbele ya ubao, nami nawaeleza. Keram huchezwa na watu wawili wanaotazamana, au wanne. Kuna kete tisa nyeupe, tisa nyeusi, na moja nyekundu, ambayo ni malkia. Unaifyatua kwa kidole kete kubwa ya kupigia, nayo inazisukuma kete zako mpaka zitumbukie katika matundu ya pembeni. Poda hunyunyizwa ubaoni ili kete ziteleze. Sheria ya kukumbuka leo ni moja tu: ukimtumbukiza malkia, sharti umfunike, yaani papo hapo utumbukize kete yako nyingine. Usipoweza, malkia anatolewa tunduni na kurudishwa katikati, na mpinzani wako anaanza kutabasamu.

Wengine wetu tulijifunza kucheza kwanza. Mzee Muindi alijifunza kwanza kuutengeneza ubao. Aliufungua ule wa Mhindi msumari kwa msumari, akaunyoosha kwa mawe na siku nyingi za jua, akaufunga upya. Mwaka wa 1960 akatengeneza wa kwake wa kwanza. Na hapa lazima niwaeleze namna yake ya kufanya kazi, maana habari yote ya leo imekaa hapo.

Matundu yake aliyachora kwa kifuniko cha kopo la dawa ya kifua, kopo alilopewa na mama yake siku aliyopanda basi kuja Nairobi. Dawa iliisha, kopo likapotea, kifuniko kikabaki. Alikilaza pembeni mwa ubao, akakizungushia penseli, akakata kwa msumeno mwembamba juu ya mstari ule ule, akapuliza vumbi. Kisha akaenda kunywa chai. Tundu moja, kikombe kimoja. Hakuwahi kuchora mawili kwa pamoja. Alisema mkono unaokata matundu manne mfululizo huingiwa na haraka kwenye la tatu. Kalekye, mama chai wetu, alikuwa akijua kazi imefika wapi kwa kuhesabu vikombe, na ukitaka kujua ubao utakuwa tayari lini ulimwuliza yeye.

Kwa namna hiyo alitengeneza mbao arobaini. Alizibeba kichwani siku za Jumapili akazisambaza mitaani kama mtu anayegawa vifaranga. Kinyozi wa karibu na soko la Burma alipewa mmoja, na tangu hapo watu wakawa wanaingia kwake na nywele fupi na kutoka na nywele zile zile. Vijana wa kanisa walipewa mmoja. Mchungaji wao akaja hapa amekunja uso, akisema kwamba mchezo wenye malkia hauwezi kuwa na mwisho mwema. Mzee Muindi hakubishana naye. Alimvutia kiti. Mchungaji alifungwa mara tatu, akarudi kesho yake ili apate kuuelewa vizuri uovu ule, na mpaka alipohamishwa alikuwa akija kuuelewa kila Jumanne.

Vijana walimwita Buda Poda, yaani mzee wa poda. Alikuwa akiipepeta poda kwa kitambaa cha pazia kabla ya kuinyunyiza, kwa hiyo koti lake lilinukia hivi kwamba wageni wakija ofisini waliniuliza kwa sauti ya chini ni nani amejifungua.

Sheria ya chumba chake ilikuwa kwamba anayefungwa mwisho anafagia. Hapo ndipo nilipokuja kuielewa barua ya ajira. Kwa miaka ishirini na zaidi mtunza ukumbi huyu amelipwa kwa kufagia, na chumba cha michezo hajakifagia hata siku moja. Kimefagiwa na madereva, na makarani, na waimbaji wa kwaya, na mchungaji. Ninaloweza kusema bila kiburi ni kwamba hakuna aliyekifagia zaidi yangu. Nina kidole ambacho Mzee Muindi amewahi kukieleza mbele ya watu kuwa ni cha kupigia chapa tu. Kalekye alinifunga mwaka wa 1974 akiwa ameshika birika kwa mkono wa pili.

Lakini mchezaji aliyetutesa kweli alitoka Majengo. Huyo ni Bwana Abukar Shire, muuza vitambaa, mtu mrefu mwenye maneno machache, anayeketi mbele ya ubao kama anayesubiri kusomewa barua. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, Majengo na sisi tulishindana kwa ngao ya mbao aliyoichonga Mzee Muindi mwenyewe. Kila mwaka Abukar aliichukua, na kila mwaka mkewe, Mama Luul, alileta sinia la sambusa lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, ili kutufariji. Nasema kweli, baadhi yetu tulikuwa tukifungwa kwa moyo mmoja.

Mzee Muindi na Abukar walikuwa marafiki wa namna ya watu wasiopenda kuongea. Jioni nyingi ungewakuta pale chumbani, kila mmoja upande wake, na kwa saa nzima husikii ila kete. Abukar alimwita fundi. Alikuwa akisema kwamba amecheza Mombasa, amecheza Kisimayu, na hajaona matundu yanayopokea kete kwa adabu kama ya fundi huyu.

Sasa nimefika mwaka wa 1978, na wenzangu mnaousoma ukurasa huu mnajua ni kwa nini kalamu imeanza kutembea polepole.

Fainali ilikuwa Jumamosi tarehe 22 Aprili. Ubao ulikuwa mpya, wa arobaini, uliotengenezwa kwa siku hiyo na haujawahi kuguswa na kete. Abukar alicheza na mtu wetu, Munyoki, dereva wa lori. Mwamuzi alikuwa Mzee Muindi, kama kila mwaka. Kila upande ulishinda mchezo mmoja. Mchezo wa tatu, Abukar alibakiwa na kete moja nyeupe na malkia. Alimtumbukiza malkia bila hata kupepesa jicho. Ikabaki amfunike. Kete yake nyeupe ilikuwa kwenye pembe ya kushoto, mbele yake, umbali wa kidole kimoja kutoka tunduni. Mama Luul alikuwa ameshaanza kukifunua kitambaa cha sinia.

Abukar alipiga. Kete ilifika mdomoni mwa tundu, ikagusa ukingo, ikazunguka, ikarudi nje ikasimama. Malkia akatolewa na kurudishwa katikati, Munyoki akamchukua na kumfunika, akamaliza kete zake, na kwa mara ya kwanza ngao ikabaki kwetu.

Ndipo mtu mmoja wa Majengo, sitamtaja, akasema kwa sauti ya kutosha kwamba ubao ni wa ukumbi, mwamuzi ni wa ukumbi, na sasa anaona hata pembe ni za ukumbi. Hakuna aliyekumbuka kwamba upande wa kukaa Abukar aliuchagua mwenyewe. Abukar aliinuka, akapapasa ukingo wa lile tundu kwa kidole gumba, akamtazama Mzee Muindi, akatoka. Mama Luul alikifunika kitambaa chake na kuondoka na sinia zima.

Tangu siku hiyo Majengo hawajaja. Shindano limekufa. Abukar na Mzee Muindi wakikutana barabarani huinuliana mkono, kila mtu ng'ambo yake. Na Mzee Muindi hakutengeneza ubao mwingine. Ukimwuliza alisema macho yamechoka, au mbao za siku hizi si mbao. Amerekebisha ya zamani, amepaka vanishi, amebadilisha nyavu za matundu. Mpya, hata mmoja, hakutengeneza. Katika faili lake la kazi hamna onyo wala doa. Lakini mitaani, kwa miaka minane, jina lake limetembea na kijineno nyuma yake: mzuri sana yule fundi, ila alimbana Abukar. Leo anastaafu, na kijineno hicho kilikuwa kiondoke naye.

Mtakuwa mmesikia habari ya mvua. Kila mgeni anayeuliza juu ya fainali ile huambiwa kwamba mwezi huo mvua ilikuwa kubwa, mbao zikanyonya unyevu na kuvimba, na tundu likajibana lenyewe. Ni maelezo mazuri. Yana sayansi ndani yake. Nayajua kwa sababu niliyatunga mimi, wiki ile ile, na nimeyasimulia kwa miaka minane kwa uso wa mtu anayemtetea rafiki yake.

Haya ndiyo yaliyotokea.

Alhamisi tarehe 20 Aprili 1978, kiasi cha saa kumi, Mzee Muindi alikuwa ametoka kwenye karakana yake ndogo nyuma ya jukwaa. Alikuwa ameshakata matundu matatu ya ubao wa arobaini, na ameenda kunywa kikombe chake cha tatu. Mimi siku hiyo nilikuwa na miadi. Kulikuwa na msichana mmoja aitwaye Njoki, mwuguzi, aliyekubali baada ya miezi mitano ya kusumbuliwa kuja kula nyama na mimi Burma saa kumi na moja. Nilitaka viatu ving'ae. Kopo langu la rangi ya viatu lilikuwa limepoteza kifuniko, na rangi ilikuwa ikikauka. Nilitaka kulitia mfukoni, nipige viatu rangi tena nikikaribia, kwa sababu matope ya Aprili mnayajua. Kopo lisilofunikwa huwezi kulitia mfukoni mwa suruali ya kwenda kuonana na mwuguzi.

Kwenye droo yangu kulikuwa na kifuniko cha mafuta ya nywele. Nilikijaribu. Kilikuwa kidogo, hakikukaa. Nilipita karakana, nikakiona cha Mzee Muindi juu ya ubao. Nikakijaribu. Kilikaa kama kilizaliwa pale. Nikajiambia nitakirudisha kabla hajamaliza chai. Na ili asifike akadhani kimeibwa, nikaweka pale pale changu cha mafuta ya nywele. Vyote viwili ni vya bati, vyote vimechubuka rangi. Ukiviona kimoja kimoja huwezi kuvitofautisha. Ukivipandanisha, kimoja kinazidi kingine kwa unene wa vijiti viwili vya kiberiti.

Nyama ilichelewa kuiva. Njoki alicheka mara mbili, nilizihesabu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimesahau kwamba kuna kitu duniani kinachoitwa ukumbi.

Mzee Muindi alimaliza chai, akarudi, akachora tundu la nne, akalikata juu ya mstari. Mkono wake haukukosea hata uzi mmoja. Uliufuata mstari niliomwekea mimi.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuta ubao umeshapakwa vanishi. Nilibadilisha vile vifuniko kimya kimya asipotazama, nikafurahi kwamba nimevirudisha na hakuna madhara. Halikunijia kabisa wazo la tundu la nne. Lilinijia Jumamosi jioni, watu wa Majengo walipoondoka. Nilikichukua kifuniko chake nikakiweka kwenye matundu. Matatu yalikipitisha, kikaangukia wavuni. La nne kilikaa juu yake kama kwenye kopo langu la rangi ya viatu.

Ningeweza kusema siku ile ile. Watu wa Majengo walikuwa bado hawajafika hata Gikomba. Lakini niliona jinsi nitakavyochekwa, karani aliyepoteza urafiki wa mitaa miwili kwa sababu ya viatu, na nikasema nitasema Jumatatu. Jumatatu nikawa nimeshapata habari ya mvua. Kifuniko nilikitia mfukoni, sijui kwa nini, nadhani nilitaka kisionekane. Mzee Muindi alikitafuta siku mbili, akaacha. Kimekuwa kwenye droo yangu miaka minane, chini ya bahasha.

Juzi Jumatano nilianza kuuandika ukurasa huu. Niliandika kuhusu poda, nikaandika kuhusu mchungaji, nikafika 1978, nikapiga chapa neno mvua. Kisha nikaitoa karatasi kwenye mashine na kwenda karakana na kile kifuniko mkononi. Mzee Muindi alikuwa akifunga sanduku lake la vifaa. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama, kama nilivyowaeleza nyinyi.

Alikichukua kifuniko akakigeuza. Alikaa juu ya sanduku. Nilitegemea anitukane, na nilikuwa nimejiandaa kukubali. Badala yake akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelijua. Hata yeye alilipima lile tundu, usiku ule ule wa fainali, kwa rula. Aliona ni dogo. Jumatatu, nikiwa mimi nasambaza mvua, yeye alitembea peke yake mpaka Majengo, akasimama mbele ya duka la Abukar, akamwambia kwamba tundu ni bovu na kosa ni la mkono wake. Abukar alimwuliza neno moja tu: "Fundi, matundu mia moja na sitini umekata, ukakosea langu peke yake?" Na hata Mzee Muindi mwenyewe alikuwa hajui ni kwa nini.

"Nilijua mkono umeniacha," akaniambia. "Nikasema nisimharibie mtu mwingine."

Miaka minane, ndugu zangu. Si macho, si mbao za siku hizi. Fundi bora kuliko wote mashariki ya mji huu aliuweka msumeno chini kwa sababu mimi nilitaka viatu ving'ae.

Yeye akakizungusha kifuniko kidoleni, bila kuinua macho.

"Karani, hivyo viatu viling'aa?"

Nikasema viling'aa.

"Na yule msichana?"

Nikamkumbusha kwamba yule msichana ndiye Mama Wakiuru, mke wangu, na kwamba arusi yetu yeye mwenyewe aliipangia viti. Mzee Muindi aliangua kicheko ambacho Kalekye alikisikia mpaka jikoni, akaja na birika akidhani kuna wageni. Kisha akakitia kifuniko mfuko wa shati, juu ya moyo, akakibonyeza kama mtu anayehakikisha kitambulisho chake, akalifungua tena lile sanduku la vifaa na kuutoa msumeno mwembamba. Aliniagiza nishushe ubao wa arobaini kutoka darini. Alilichora upya tundu lile, akalipanua. Mkono haukutikisika. Kisha akanywa chai.

Jana Alhamisi tulikwenda Majengo pamoja. Nilieleza tena, mbele ya vitambaa na wateja wawili ambao hawakuwa na haraka yoyote ya kuondoka. Abukar alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyousikiliza ubao. Nilipomaliza alinitazama viatu. Halafu akamgeukia Mzee Muindi, wakatazamana, na sikuona ni nani aliyeanza kunyoosha mkono. Abukar hakusema kwamba atakuja leo. Alisema tu, "Nyeupe ilikuwa pembe ya kushoto, umbali wa kidole. Malkia alikuwa ameshaingia."

Munyoki tumemwona pia. Amesema ngao ile hajawahi kuitundika ikitazama watu, na ameirudisha asubuhi hii kwa lori.

Kwa hiyo ratiba ya leo imebadilika, na aya hizi za mwisho zimepigwa chapa mbio mbio, mtavumilia herufi. Baada ya sala, hotuba na chai, fainali ya mwaka wa 1978 itaendelea kutoka ilipokatikia. Kumebaki mpigo mmoja. Mwamuzi ni Bwana Naftaly Muindi Muasya. Poda itakuwa ni ile ya mwisho koponi, na ataipepeta mwenyewe. Kama Bwana Abukar hatatokea, ubao utawekwa hivyo hivyo, nyeupe pembeni, mpaka siku atakayotokea. Chumba nitafagia mimi, leo na siku zote zitakazobaki za utumishi wangu, bila kufungwa na mtu.

Mzee wetu, asante kwa mbao arobaini, na kwa viti, na kwa madirisha. Mkeo, Mama Koki, anakungoja nyumbani, na tumesikia kwamba kule shambani kuna mti wa mvule uliokwisha pasuliwa na kukauka. Tunakutakia miaka mingi ya afya, chai isiyopoa, na tundu moja moja bila haraka. Asikugusie mtu kifuniko.

Naongeza mstari mmoja kabla stensili haijatoka mashineni. Ni saa nne asubuhi. Mama Luul amesimama kwenye mlango wa kijani na sinia lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, na ananiuliza, karani, huo mpigo ni saa ngapi, maana sambusa zikipoa hazifai.